Dakika tisa kabla ya jua kuzama: kisa cha saa ya kompyuta ya msikiti

Jioni ya siku ya 21 ya Ramadhani mwaka 1446, iliyoangukia Machi 2025, waumini wa msikiti wetu hapa Tunduma tulifuturu dakika tisa kabla ya jua kuzama. Adhana ilisikika kutoka kwenye kipaza sauti, tende zikaliwa, maji yakanywewa, na baadhi yetu tukaanza kupanga safu. Mawingu yalikuwa yametanda tangu adhuhuri, kama ilivyo kawaida ya mwezi huo katika nyanda zetu za juu. Mara yakapasuka upande wa Nakonde, na mwanga wa jua ukapenya madirishani na kutua juu ya ukuta wa mashariki. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika kikombe cha uji alikiweka chini taratibu bila kusema neno.

Habari hiyo imekwisha kufika Mlowo na Vwawa ikiwa imetiwa chumvi nyingi. Wapo wanaosema kwamba tulifuata saa za Zambia, na wapo wanaosema kuwa muadhini wetu alisinzia. Kamati imeona ni vyema jambo lielezwe kama lilivyokuwa, kwa kuwa kosa halikuwa la muadhini wala la Zambia, na kwa kuwa ugonjwa ulioipata kompyuta yetu unaweza kuipata kompyuta yoyote iliyoungwaungwa nyumbani, na zimo nyingi katika nyumba za wasomaji wa ukurasa huu.

Kompyuta yenyewe haikununuliwa dukani ikiwa nzima. Vijana wawili wa msikiti waliiunda sebuleni kwa mhazini wetu: kasha lilitoka kwa fundi wa hapa mjini, bodi kuu ilikuwa mtumba kutoka Kariakoo, na kisanduku cha umeme kiling'olewa katika mashine nyingine iliyokufa. Kwa kazi ya msikiti ilitosha. Iliandika barua za kamati, ikatunza hesabu za zaka, na ndani yake vijana wakaweka programu inayokokotoa nyakati za swala kwa kufuata mahali pa mji juu ya ramani, kisha ikatoa adhana yenyewe wakati unapoingia. Suala la adhana iliyorekodiwa lina maneno ya wanazuoni na hatukusudii kulifungua hapa. Tangu jioni ile limejifunga lenyewe.

Muadhini wetu ni mtu mzima. Kwa miaka mingi alitoka nje, akaitazama anga, akarudi na kuadhini. Jioni ile aliinua kichwa adhana ilipoanza, akauliza, "Mbona mapema?" Sisi, na tunalisema hili kwa haya, tulimjibu kwamba mashine haisahau.

Msomaji atauliza: hivi hapakuwa na hata mtu mmoja mwenye simu? Simu zilikuwepo kila mfuko. Lakini anayeishi mpakani anajua kwamba simu ya Tunduma si shahidi wa kutegemewa katika jambo la saa. Tanzania imetangulia Zambia kwa saa moja, na minara ya upande wa pili iko karibu mno. Simu ikinasa mtandao wa huko, hujirudisha nyuma saa nzima bila kuomba ruhusa. Ukisogea mitaa miwili hurudi ilivyokuwa. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumezima urekebishaji wa saa unaofanywa na mtandao, na kila mmoja ameiweka saa yake kwa mkono, huyu akiwa mbele dakika tano na yule akiwa nyuma dakika nne. Aliyeona tofauti ya dakika tisa alidhani ni simu yake iliyopotea, si adhana.

Imamu alisimama baada ya swala akawaeleza waumini hukumu ya jambo lile. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, na ndiyo kauli ya wanazuoni walio wengi, aliyekula akidhani jua limezama kisha ikabainika halijazama, hana dhambi kwa kudhani kwake, lakini siku ile ataikadhi. Aliongeza kwamba wapo wasioona ulazima wa kadha, akiwemo Ibn Taymiyya, asije mtu akasikia kauli hiyo kwingineko akadhani amefichwa. Kisha akatuhimiza tukadhi.

Waliokuwa ndani ya msikiti walisikia. Je, waliokuwa majumbani? Kipaza sauti chetu husikika mitaa kadhaa, na hatukuwa na njia ya kujua ni nyumba ngapi zilizofuturu kwa sauti ile. Tulitangaza baada ya tarawehe kwa siku tatu mfululizo, tukatangaza Ijumaa, na akina mama wa msikiti wakazunguka nyumba kwa nyumba. Kwa mtu wa ofisini, kukadhi siku moja ni jambo jepesi. Lakini mji huu unaendeshwa na watu wanaoshusha na kupakia mizigo ya malori yanayongoja kuvuka, na kwao siku moja ya funga ni siku ya magunia mgongoni pasipo tone la maji. Mmoja wao alitwambia kwa upole, "Katibu, dakika zenu tisa nimezibeba kutwa." Hatukuwa na jibu.

Baada ya hapo tukaanza kuutafuta ugonjwa. Kila mtu alikuwa na mtuhumiwa wake. Wazee walisema ni Zambia. Kijana mmoja alisema ni virusi, akafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kazi ya siku mbili, na saa ikabaki na ugonjwa wake. Mwingine akailaumu programu ya swala. Katibu kazi yake ni kuandika, basi tukafanya kile tunachokijua: tukafungua daftari. Kila kompyuta ilipozimwa tuliandika saa iliyoonyesha na saa ya kweli, na kila ilipowashwa tukaandika vivyo hivyo.

Usiku wa nne daftari lilikuwa limesema. Usiku ambao kompyuta ilizimwa saa 4 na kuwashwa saa 10 alfajiri, saa yake ilipungua dakika nne hadi tano. Siku umeme ulipokatika tangu adhuhuri hadi alfajiri iliyofuata, ilipungua zaidi ya dakika kumi. Siku ilipoachwa ikiwaka kutwa kucha, haikupungua hata dakika moja. Maana yake saa haikuwa inapotea wakati wa kazi. Ilikuwa inapotea usingizini.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima ijulikane kwamba ndani ya kompyuta mna saa mbili. Ya kwanza imo katika bodi kuu. Ina fuwele ndogo ya kwatsi inayotetemeka mara 32,768 kila sekunde, na sakiti yake hugawa mitetemo hiyo kwa mbili, mara 15 mfululizo, mpaka ibaki moja kwa sekunde. Saa hii haipumziki hata kompyuta ikizimwa na waya kuchomolewa ukutani, kwa kuwa inalishwa na betri ndogo ya mviringo, bapa kama sarafu, yenye maandishi CR2032. Saa ya pili ni ya programu. Kompyuta inapowashwa, Windows huiuliza saa ya kwanza, "Sasa ni saa ngapi?", kisha huendelea kuhesabu kwa njia yake yenyewe mpaka izimwe. Betri ikichoka, saa ya kwanza husuasua gizani, na asubuhi humpa mwenzake jibu la uongo. Naye hana namna ya kujua kwamba ameongopewa, hasa ikiwa hakuna intaneti, nasi intaneti hatukuwa nayo ila kwa kifurushi cha siku mojamoja.

Basi kupungua kulielezeka. Lakini sisi tulifuturu mapema, na saa iliyopungua huchelewesha adhana, haiitangulizi. Hapa ndipo tulipowaita vijana wote wanaoigusa kompyuta, tukawauliza bila ukali. Mmoja akainua mkono. Alikuwa ameugundua upungufu ule tangu Shaabani. Kwa kuwa hakupenda kurekebisha kila asubuhi, alibuni dawa yake: kila baada ya siku mbili, kabla ya kuzima, aliisogeza saa mbele dakika tisa ili usiku uzile dakika zile kwa awamu. Na mwezi mzima dawa ile ilikuwa ikionekana kufanya kazi, maana adhana iliyotangulia au kuchelewa kwa dakika tatu nne haikumshtua mtu.

Usiku wa kuamkia siku ya 21 aliisogeza kama kawaida yake, akaondoka. Lakini huo ndio usiku wa kwanza wa itikafu. Walioingia itikafu walitaka kusikiliza darsa zilizohifadhiwa humo, umeme nao haukukatika, kompyuta ikakesha ikiwaka. Zile dakika tisa hazikuliwa na kitu. Alfajiri ikaadhiniwa mapema, na walioacha daku kwa sauti ile walipata hasara ya kikombe cha chai tu, kwa kuwa swala ya jamaa husimama baadaye kwa muda wa kutosha. Adhuhuri na alasiri nazo zikapita vivyo hivyo. Ni magharibi peke yake ambayo haina nafasi ya kusubiri: mtu amekaa na tende mkononi.

Kijana yule alilia. Tulimwambia kwamba hakuiba na hakudanganya. Aliona namba mbaya akaweka namba nzuri juu yake. Nasi tulioongoza kamati hatukuwa tumemuuliza kwa mwezi mzima kwa nini saa ya msikiti inahitaji kusogezwa.

Tangu hapo tumesaidia nyumba kadhaa, na tumejifunza kwamba ukubwa wa kosa mara nyingi humtaja mkosaji. Saa ikiwa nyuma kwa saa moja kamili, wala si dakika 58 wala 62, hapo wazee wetu watakuwa wamesema kweli: ni habari ya Zambia, yaani ukanda wa saa umechaguliwa kimakosa. Katika orodha ya Windows, saa zetu zimeandikwa kwa jina la Nairobi. Aliyechagua Harare na Pretoria amechagua saa za ng'ambo ya mpaka. Asisogeze saa kwa mkono, kwani atakuwa ameweka kosa la pili juu ya la kwanza. Abadilishe ukanda. Ikiwa nyuma kwa saa tatu kamili, ulizeni kama mtoto wa nyumba ameweka Linux kando ya Windows. Linux huitunza saa ya bodi kwa majira ya dunia, ambayo sisi tumeyatangulia kwa saa tatu, na Windows huisoma saa hiyohiyo kana kwamba ni ya hapa nyumbani. Kila moja huvuruga kazi ya mwenzake.

Kosa la saa sita ni letu Waswahili. Mzee mmoja wa kamati aliombwa aweke saa mbili asubuhi, akaandika 2:00, ambayo kwa kompyuta ni saa nane usiku. Tulicheka sana, naye akatuuliza ni nani aliyeamua siku ianzie usiku wa manane wakati watu wamelala, ilhali siku ya Kiislamu inaanza jua linapozama na kila mtu anaona. Swali lake bado liko mezani.

Na lipo kosa la dakika 26, ambalo si la saa hata kidogo. Tunduma iko karibu nyuzi sita na nusu magharibi ya Dar es Salaam, na kila uzi mmoja ni dakika nne za jua. Mwishoni mwa Machi jua la Dar es Salaam linazama kama saa 12 na nusu jioni. Hapa kwetu linakaribia saa moja kamili. Programu ya swala iliyoachwa ikiwa na jina la Dar es Salaam, au familia inayofuturu kwa adhana ya redio ya huko, itakula mchana hata kama saa yake ni sahihi kwa sekunde. Tunawasihi ndugu zetu wa Songwe nzima walitazame jambo hili kabla ya Ramadhani ijayo, maana tumelikuta katika nyumba zaidi ya moja.

Saa inayorudi mwaka wa nyuma kabisa kila umeme ukikatika, hiyo betri yake imekwisha. Yetu ilikuwa inaelekea huko. Fundi aliipima kwa testa akapata volti 2.4, wakati iliyo mpya huwa na zaidi ya 3.

Kuibadilisha hakuhitaji elimu kubwa. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki utoke, na uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi. Betri imeshikwa na kibano kidogo. Kisukume pembeni kwa ncha ya bisibisi nayo itaruka yenyewe. Mpya iingie upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha, ingia katika bayosi kwa kubonyeza Delete au F2, kutegemea bodi, uweke tarehe na saa. Usiruke hatua hii ukitegemea kwamba intaneti itarekebisha. Kwa kawaida Windows ya nyumbani ikikuta tofauti inayozidi saa 15 hukataa kujirekebisha, ikidhani kuna hatari. Hivyo kompyuta iliyorudi mwaka 2009 itabaki mwaka 2009, na tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vitaonekana bado havijaanza kufanya kazi.

Betri ya zamani isiachwe mezani. Tunalisisitiza hili kwa akina mama na akina baba kwa pamoja. Mtoto mdogo akiimeza na ikakwama kooni, huunguza nyama ndani ya muda wa saa mbili, hata kama ni ile tunayosema imekufa. Msimtapishe, wala msingoje kuona dalili; mkimbizeni hospitali na mseme wazi kwamba amemeza betri. Yetu tuliifunga kwa utepe wa gundi na kuikabidhi kwa fundi.

Baada ya betri mpya tuliendelea na daftari kwa wiki mbili. Saa sasa hupotea sekunde moja au mbili kwa siku, na hicho ndicho kiwango cha kawaida cha fuwele hizi. Kwa mwezi inafika kama dakika moja. Tunaisahihisha kila Ijumaa.

Lakini kuisahihisha kwa saa ipi, hasa tukiwa hatuna intaneti? Hapa tulirudi kwenye elimu tuliyoisoma chuoni na kuiacha humo. Misikiti mikubwa ya zamani ilikuwa na muwaqqit, mtu ambaye kazi yake ilikuwa ni kuhesabu nyakati. Ibn al-Shatir, mwanafalaki wa Damascus, alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umayya, na mwaka 1371 alitengeneza saa ya kivuli kwa ajili ya mnara wake. Sisi tulisimamisha kijiti uwanjani, tukatia alama ncha ya kivuli kila dakika chache. Kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote, jua liko juu ya mstari wetu wa kaskazini na kusini. Saa za Afrika Mashariki zinafuata mstari wa nyuzi 45, unaopita karibu na Mogadishu, nasi tuko nyuzi 12 na ziada magharibi yake; kwa hiyo jambo hilo hutokea hapa kwa wastani saa 6 na dakika 49 mchana. Hubadilika kwa majira, kuanzia kama saa 6:33 mwanzoni mwa Novemba hadi kama saa 7:03 katikati ya Februari. Kijiti hakitoi sekunde, lakini dakika tisa kingalizifichua bila shaka. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua hupita utosini na kivuli karibu kinatoweka, na watoto wa madrasa huja mbio kukitafuta.

Kompyuta imerudi ofisini, inaandika barua na kukokotoa ratiba, na juu yake tumebandika karatasi: asiyeandika daftarini asiguse saa. Kijana wetu ndiye mtunza daftari. Kipaza sauti kimerudishwa kwa muadhini, ambaye kila jioni hupokea ratiba iliyochapwa, huisoma kwa makini, huikunja na kuitia mfukoni, kisha hutoka nje kutazama upande wa Nakonde.